Mtoto Anayechelewa Kusema: Tuanze na Masikio

(Mazungumzo haya yalitolewa na mhudumu wa afya wa kambi mbele ya wazazi waliokuja kupima uzito wa watoto kliniki. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa wale waliofika lakini hawakusikia vizuri kwa sababu ya vilio vya watoto.)

  

Leo nataka tuzungumze juu ya mtoto ambaye umri wa kusema umemfikia na hasemi, au anasema lakini maneno yake hayaeleweki ila kwa mama yake tu. Watoto wa namna hii tunao katika kila mtaa. Kila mmoja ana sababu ambayo majirani wamekwisha kuitoa. Huyu ulimi wake ni mzito. Yule amelogwa na watu waliobaki nyumbani. Yule mwingine amechanganyikiwa na lugha. Na sababu inayotolewa kuliko zote ni vita: mtoto aliona mambo makubwa njiani, ameshikwa na hofu, mwacheni, atasema siku yake ikifika.

Sababu hiyo ya mwisho hata mimi niliwahi kuitoa, nami nilikosea. Alikuja mama mmoja na mwanawe wa miaka mitatu. Walikuwa wamevuka mpaka mwaka mmoja kabla. Njiani mtoto alipata homa kali, shingo ikakakamaa, akalazwa na kuchomwa sindano siku nyingi, akapona. Kabla ya homa alikuwa akisema "mama", "maji", na jina la dada yake. Baada ya homa alinyamaza. Nilimwambia yule mama kwamba mtoto ameona mengi, ampe muda. Akampa muda. Ikapita miaka miwili. Ndipo alipokuja daktari wa masikio kutoka hospitali ya rufaa, akampima, akatuambia kwamba mtoto huyu hasikii mtu akizungumza mpaka mtu huyo apige kelele karibu na sikio. Homa ile ilikuwa ya uti wa mgongo, na homa hiyo inajulikana sana kwa kuharibu sikio kwa ndani. Miaka ile ndiyo ambayo akili ya mtoto hushika lugha kwa wepesi kuliko wakati mwingine wowote, na sisi tuliitumia kungoja.

Hofu ya vita ipo, sikatai. Wapo watoto wanaonyamaza kwa huzuni, nao wana haki ya kusaidiwa. Lakini mtoto mwenye huzuni bado hugeuka mlango ukigongwa nyuma yake. Mtoto yule hakuwa akigeuka, na mimi sikuuliza.

Tangu hapo nimejiwekea kanuni moja. Mtoto yeyote aliyechelewa kusema, au anayesema visivyoeleweka, masikio yake yatazamwe kabla hatujamtafutia sababu nyingine.

Kwa nini masikio, na si ulimi? Kwa sababu mtoto hujifunza kusema kwa kusikia. Tangu miezi ya mwisho tumboni tayari husikia sauti ya mama yake. Akizaliwa, husikiliza karibu mwaka mzima kabla ya kutoa neno la kwanza, na anachokitoa ni kile alichokisikia. Akisikia nusu, atasema nusu.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana watu wengi hawalijui. Kuna watoto wengi ambao si viziwi kabisa na bado hawasikii vya kutosha. Mtoto anaweza kusikia ngoma, akasikia lori la chakula, akasikia mlango wa bati, na bado asipate maneno. Katika maneno, sauti za a, e, i, o na u zina nguvu na hufika mbali. Sauti kama s, f, t, k na sh ni nyembamba, nazo hupotea kwanza. Jaribuni wenyewe. Zibeni masikio kwa vidole, kisha jirani aliye nyuma yenu aseme kwa sauti ya chini: baba, kaka, dada, mama. Mtasikia karibu neno moja tu, "a-a". Aseme tena: mimi, nini, sisi, hivi. Hapo ni "i-i". Mtoto mwenye masikio hafifu hupata wimbo wa neno, lakini neno lenyewe halipati. Anakuita "a-a", nawe unafurahi kwamba amekuita baba, kumbe ndivyo anavyomwita kila mtu.

Ugonjwa wa sikio tunaouona sana kliniki ni usaha. Watu wameuzoea mpaka wanauona kama kamasi, kwamba kila mtoto hupitia. Si hivyo. Usaha maana yake ngoma ya sikio imetoboka, na ukiendelea miezi na miezi mtoto hupoteza uwezo wa kusikia kidogo kidogo. Usaha unaotoka kwa zaidi ya wiki mbili una dawa yake ya matone, nayo hutolewa na mganga wa kliniki. Kabla ya kutia matone, sikio lazima likaushwe. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, kisokote kiwe utambi, kiingize taratibu, kikilowa kitoe, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo angalau mara tatu kwa siku. Usitie njiti ya kiberiti. Usitie mafuta ya kupikia, wala maziwa ya mama, wala maji ya majani, hata kama bibi yako alifanya hivyo na wewe ukapona. Mtoto asiogelee mtoni mpaka apone. Na ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, usingoje asubuhi. Mlete siku hiyo hiyo.

Kuna ugonjwa mwingine wa sikio usiotoa usaha wala maumivu. Maji mazito hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, hasa kwa mtoto anayeugua mafua mara kwa mara. Leo anasikia, wiki ijayo hasikii, mwezi ujao anasikia tena. Huyu ndiye mtoto ambaye wazazi husema, "Anasikia anapotaka." Hata mimi ningesema hivyo kama nisingefundishwa. Ubaya wake ni kwamba akili ya mtoto haizoei sauti: neno lile lile leo linafika hivi, kesho vile.

Mpaka hapa nimesema juu ya sikio lenyewe. Sasa niwaeleze juu ya watoto wa aina ya pili, maana hao ndio wanaochapwa zaidi.

Nilimwona msichana wa miaka minane. Masikio yake ni masafi. Ukimnong'oneza ndani ya chumba kilicho kimya anasikia, anajibu. Lakini nyumbani akitumwa kuni analeta kuku. Alitumwa mkeka akaleta mkate, akapigwa, maana ilionekana anafanya mzaha mbele ya wageni. Nyama na nyanya kwake lilikuwa neno moja, na alipolisema hakuna aliyejua anataka nini. Shuleni, katika darasa lenye watoto zaidi ya tisini, mwalimu alisema msichana huyu analala macho wazi.

Fikirini mnapopokea maharage ya mgao. Gunia linafika nyumbani, lakini hampiki vile vile. Mnayamwaga kwenye ungo, mnachambua mawe na makapi. Sikio ndilo linaloleta gunia. Kuchambua ni kazi ya ubongo: hii ni sauti ya mama, ile ni kelele ya jirani, hili ni "pata", lile ni "bata". Tofauti ya "pata" na "bata" hupita upesi kuliko kufumba na kufumbua. Kwa watoto wengine gunia linafika zima, lakini kuchambua ndiko kuna shida. Palipo kimya wanajitahidi. Penye kelele, au mtu akisema haraka, au akitoa maagizo matatu kwa mpigo, vinachanganyika. Na mtoto asiyeweza kutenganisha sauti mbili kwa kusikia atapata taabu kuzitenganisha kwa mdomo, na baadaye kwa kalamu.

Madaktari wamekuwa wakilizungumzia jambo hili tangu miaka ya 1950, na ni haki niwaambie kwamba mpaka leo hawajaafikiana. Si kila mtoto mwenye matamshi mabaya ana shida ya kuchambua sauti. Kigugumizi, kwa mfano, ni jambo jingine. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walitoa taarifa ya watoto zaidi ya 1,400 wa miaka 6 hadi 11 waliowapima. Waliona kwamba, kwa wengi waliopata taabu ya kusikiliza, kasoro ilikuwa zaidi katika kutuliza akili kuliko katika sauti zenyewe. Mimi nikisoma hivyo nawafikiria watoto wetu waliolala na njaa, au waliolala wanane kwenye hema moja. Kabla ya kusema ubongo wa mtoto una kasoro, tuulize amelala saa ngapi na amekula nini.

Hata hivyo zipo sababu za mwili zinazojulikana. Manjano kali ya mtoto mchanga, yaani macho na ngozi kugeuka rangi ya manjano siku za kwanza, isipotibiwa huweza kuharibu mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo. Sauti inafika lakini imevurugika, kama redio isiyoshika stesheni. Malaria iliyopanda kichwani nayo huacha alama. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliowafuata watoto waliopona malaria kali waliwakuta baadhi yao wana upungufu wa lugha miaka kadhaa baadaye. Mtoto aliyeugua sikio muda mrefu pia huweza kubaki na taabu ya kusikiliza penye kelele hata baada ya sikio kupona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuiwa, na kwa sehemu kubwa kinga yenyewe mnaijua: chanjo ya surua na nyinginezo, kutibu usaha mapema, kumwonyesha kichanga mwenye manjano bila kuchelewa. Na sindano zisichomwe ovyo. Dawa kama gentamaisini huokoa maisha, lakini zinaweza kudhuru masikio. Msinunue sokoni na kuchomwa na mtu yeyote mwenye bomba la sindano.

Sasa juu ya ulimi na kimeo. Najua wako watu humu kambini wanaokata kimeo cha mtoto, au ile kamba iliyo chini ya ulimi, wakisema ndiyo inayozuia maneno. Ndugu zangu, kimeo hakizuii mtoto kusema. Kukikata kwa wembe kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, pepopunda, hata kifo, na aliyekuwa hasikii kabla ya wembe hatasikia baada yake. Kamba ya ulimi mara chache huwa fupi kweli. Hilo liamuliwe na mganga wa hospitali.

Na juu ya lugha. Mama anasema Kibembe, baba Kifuliiru, majirani Kirundi, watoto wanacheza kwa Kiswahili, shuleni ni lugha nyingine tena. Wazazi huniuliza kama waache lugha ya nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Msiiache. Lugha nyingi hazimfanyi mtoto kuwa bubu wala kupata kasoro ya matamshi. Atachanganya maneno kwa muda, halafu atayapanga. Mwenye shida ya kweli huwa na shida katika lugha zote anazozisikia. Vile vile, mtoto anayesema "kura" badala ya "kula" kwa sababu ndivyo wanavyosema wazee wake si mgonjwa. Angekuwa mgonjwa, tungelazwa nusu ya kambi, na mimi ningekuwa kitanda cha kwanza.

Utajuaje basi? Mtoto mchanga hushtuka kwa kishindo. Wa miezi sita hugeuza kichwa kutafuta sauti. Wa mwaka mmoja hujibu jina lake, na maneno ya kwanza huanza karibu na hapo. Wa miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo". Wa miaka mitatu hata mgeni huelewa sehemu kubwa ya maneno yake. Watoto hawalingani, na mwezi mmoja au miwili si neno. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiye na neno hata moja, au wa miaka miwili asiyeunganisha, mlete. Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, mlete haraka, hasa kama ana kifafa au amepona homa kubwa karibuni.

Nyumbani unaweza kumjaribu hivi. Mtu mmoja akae mbele ya mtoto amchezeshe kimya kimya. Wewe simama nyuma yake, hatua mbili, asione kivuli chako wala asihisi upepo. Tikisa kidogo maharage ndani ya kopo, kisha ita jina lake kwa sauti ya chini. Rudia upande wa pili. Kwa mtoto mkubwa, ziba mdomo wako kwa karatasi asisome midomo, umwambie alete kijiko, halafu kikombe, halafu kisu. Fanya hivyo kukiwa kimya, na siku nyingine redio ikilia na wenzake wakicheza. Kama anashindwa hata penye kimya, shuku sikio. Kama anaweza penye kimya na anapotea penye kelele, inaweza kuwa kuchambua, au upungufu mdogo wa sikio ambao vipimo vyetu hapa havikuuona. Jaribio hili si kipimo cha daktari. Linakusaidia tu kuamua kuja.

Kipimo kamili cha shida ya kuchambua sauti hakipo karibu nasi. Huhitaji chumba kisichopitisha kelele na vifaa maalumu, hufanywa katika lugha ambayo mtoto anaijua, na kwa kawaida hakifanywi kabla ya miaka saba. Kwa hiyo msikae mkingoja jina la ugonjwa. Mambo yanayomsaidia mtoto huyu nyumbani ni yale yale yanayomsaidia mwenye masikio hafifu, na hayadai fedha.

La kwanza ni kumsogelea. Usimwite kutoka jikoni. Mfikie, mguse bega, akutazame usoni, ndipo useme. Usiku sogeza taa imulike uso wako wewe, si wake. Toa agizo moja, alitimize, ndipo utoe la pili. Akikosea neno usimwambie "Sema tena! Sema tena!" mpaka alie. Akisema "aboni", wewe jibu, "Ndiyo, sabuni. Lete sabuni tunawe." Amelisikia mara mbili bila aibu. Pigeni makofi kwa silabi, sa-bu-ni, m-ke-ka, m-ka-te, kama mchezo. Nyimbo za kuruka kamba, vitendawili na hadithi za jioni, vyote hivyo ni mazoezi ya masikio, na nasikitika kwamba katika nyumba nyingi za hapa jioni imekuwa kimya. Kama mtoto anatumia mikono kuonyesha anachotaka, mwacheni, nanyi mwigeni. Ishara haimzuii kusema. Yule mtoto wa homa ya uti wa mgongo leo anazungumza na dada yake kwa mikono, pamoja na maneno machache ya mdomo, na tangu wameanza hivyo ameacha kuuma wenzake. Kifaa cha kusikia bado tunakitafuta. Sitawadanganya kwamba ni rahisi kukipata, wala betri zake.

Walimu mlioko hapa, nina maombi mawili. Mtoto wa namna hii akae mbele, mbali na mlango, na msiseme mkiwa mmeelekea ubao. Na mvua ikipiga mabati, acheni imla. Wakati huo hata mwenye masikio mazima hasikii, naye huyu anapewa sifuri kwa sababu ya mvua. Msichana wa kuni na kuku alihamishwa mstari wa kwanza, akapewa mwenzake wa kumwonyesha ukurasa. Matamshi yake bado yana kasoro, lakini nyama na nyanya sasa anazitofautisha, na mama yake ameniambia hajamchapa tena kwa kosa la kutumwa.

Mnaotaka kuwaleta watoto wenu, njooni na kadi ya kliniki, na karatasi yoyote ya hospitali mliyovuka nayo, hata kama imechakaa. Jina la homa aliyougua na jina la sindano aliyochomwa vinatusaidia sana. Kama karatasi zilipotea njiani, njooni tu, mtueleze kwa mdomo. Na mtoto akiwa na usaha, msimsafishe asubuhi hiyo mkitaka aonekane nadhifu. Mleteni kama alivyo, tuuone.